Hita ya mashine ya kuoshea vyombo imeharibika: nitengeneze au ninunue nyingine?

SWALI

Kwako Mshauri wetu,

Assalamu alaykum. Mimi ni mama wa nyumba yenye watu wanane hapa Tudor, Mombasa, wakiwemo wazazi wa mume wangu ambao ni watu wazima sana, na nakuandikia kuhusu mashine ya kuoshea vyombo ambayo mdogo wangu anayefanya kazi Muscat alitununulia huko mwaka wa 2018 na kutuletea. Ni mashine ya upana wa sentimita 60, ya seti 13 za vyombo, na kwa muda wote huo imefanya kazi karibu kila siku, na katika mwezi wa Ramadhani hata mara mbili kwa siku.

Mwaka jana glasi zilianza kutoka na ukungu mweupe ambao haufutiki kwa kitambaa. Baadaye vyombo vikawa vinatoka baridi, mafuta ya tui yameganda kwenye sahani na kidonge cha sabuni hakijayeyuka chote. Sasa mambo yamezidi, kwa maana mashine ikishafanya kazi kwa kama robo saa, breka kuu inaanguka na nyumba nzima inakuwa giza. Tena kuna nyakati, hasa jioni, inasimama mapema na kuonyesha alama ya bomba la maji.

Fundi wa kwanza alisema hita imekufa, na kwa kuwa imeungana na pampu ni lazima vyote viwili vibadilishwe kwa shilingi 34,000. Fundi wa pili alisema anaweza kupata hita peke yake na kumaliza kazi kwa shilingi 14,000, na kwamba wakati tunasubiri kipuri tuendelee kuitumia mashine baada ya yeye kuufungua ule waya wa kijani na njano, ili breka isianguke. Dukani mashine mpya ya ukubwa huo ni shilingi 92,000, na muuzaji akaniambia kuwa mashine iliyopita miaka mitano haitengenezwi.

Maji ya mfereji tunayapata siku chache kwa juma, na siku nyingine tunatumia maji ya kisima cha jirani, ambayo yana chumvichumvi, yakipandishwa kwenye tangi la juu ya paa. Chumvi ya mashine hatujawahi kutia, kwa sababu vidonge tunavyonunua vimeandikwa kuwa vina chumvi na kila kitu ndani. Mume wangu anaona mashine inapoteza maji na pesa na kwamba turudi kuosha kwa mikono, lakini mimi nina maradhi ya mgongo na siwezi kusimama kwenye sinki kwa saa nzima baada ya chakula cha watu wanane. Naomba uniongoze.

Mama wa Tudor, Mombasa

JIBU

Wa alaykumu s-salaam, dada yangu.

Kabla ya habari ya bei, ichomoe mashine hiyo kwenye soketi leo, na asiiwashe mtu yeyote mpaka itakapopimwa. Yaelekea breka inaanguka kwa sababu umeme unavuja kutoka kwenye hita kuingia kwenye maji na kwenye mwili wa mashine, na ule waya wa kijani na njano ndio unaoupeleka umeme huo ardhini badala ya kumpitia mtu atakayeshika mlango kwa mikono yenye maji. Ukifunguliwa waya huo, ulinzi mkubwa wa watu wa nyumba yako utakuwa umeondolewa. Huenda fundi wa pili ana haki katika suala la kipuri, na nitalieleza, lakini mtu anayependekeza jambo kama hilo katika nyumba yenye wazee asiruhusiwe kuigusa mashine yako, hata kama bei yake ni nafuu.

Sasa nije kwenye swali lako. Ulioulizwa dukani ni umri wa mashine, na mafundi wamekutajia bei ya hita, ilhali hakuna aliyekueleza kilichoiua hita hiyo. Kwa dalili ulizozitaja na kwa mpangilio wake, yaani ukungu kwanza, baridi baadaye na breka mwishoni, naamini kuwa kilichoiua ni maji. Nasisitiza jambo hili kwa sababu mashine mpya ya shilingi 92,000 ikiunganishwa kwenye tangi hilo hilo, na ikaendeshwa bila chumvi kama hii, itapita njia ile ile.

Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, jiwe lile lile lililojengewa nyumba za Mji wa Kale, na maji ya kisima yanapokaa ndani ya mwamba huo huyeyusha chokaa yake. Maji hayo yakipashwa joto, chokaa hujitenga na kuganda mahali penye moto mkali zaidi. Bila shaka umekwisha kuuona ukoko huo ndani ya birika lako la umeme. Ndani ya mashine, ukoko hujijenga juu ya hita na kulizuia joto lisiingie kwenye maji, kwa hiyo vyombo hutoka baridi na mashine huongeza muda wa kazi ikingojea joto ambalo halifiki, huku hita yenyewe ikiwa moto kupita kiasi mpaka ganda lake linapasuka na maji yanapenya ndani. Hapo ndipo breka inapoanza kuanguka, na huanguka baada ya dakika kadhaa kwa sababu mashine huanza kwa kuingiza maji na kuyazungusha, kisha ndipo huwasha hita.

Watengenezaji wanaijua hatari hiyo, na ndiyo maana chini ya sakafu ya mashine nyingi kuna kilainisha maji. Ni chombo chenye chembechembe za resini ambazo hukamata kalsiamu na magnesiamu ya maji na kutoa sodiamu badala yake. Chembechembe hizo zikijaa, mashine huzisafisha kwa maji ya chumvi kutoka kwenye hifadhi ambayo kwa kawaida huchukua takriban kilo moja. Bila chumvi hazisafishwi, na kilainisha maji huacha kufanya kazi baada ya muda mfupi. Maandishi ya kwenye paketi ya vidonge vyako si ya uongo, lakini yana mpaka: vidonge vya namna hiyo vimekusudiwa maji ya ugumu wa hadi takriban nyuzi 21 za kipimo cha Kijerumani, na hata hapo hufanya kazi baada tu ya kuyeyuka, kwa hiyo maji ya suuzo la kwanza na kwa sehemu kubwa yale ya suuzo la mwisho hupita bila ulinzi. Nunua karatasi za kupimia ugumu wa maji, ambazo hupatikana kwa wauzaji wa dawa za mabwawa ya kuogelea, upime maji ya kisima na ya mfereji kila moja peke yake. Ukitaka ishara ya haraka, sugua glasi moja yenye ukungu kwa ndimu. Ukungu ukitoka ni chokaa, na ukibaki, basi kioo chenyewe kimekwisha kuliwa na hakitarudi.

Liko jambo la pili kuhusu kisima hicho ambalo linanitia wasiwasi zaidi ya chokaa, nalo ni ladha ya chumvichumvi. Kilainisha maji hakiondoi chumvi ya bahari iliyopenya visimani. Chumvi hiyo huipita resini ikaingia ndani, na kloridi yake hutoboa hata chuma kisichoshika kutu, kidogo kidogo, hasa pale maji yanapobaki yametuama. Kwa hiyo kabla ya kulipa shilingi moja ya hita, chomoa kikapu cha chini na chujio, chukua tochi, na uchunguze sakafu ya ndani, ukingo wa chini wa mlango na viungio vinavyozunguka tundu la chujio. Madoa ya kahawia yanayofutika kwa ndimu huwa yametoka kwenye visu na vijiko vyenye kutu, na hayo hayana uzito. Lakini ukipitisha ukucha ukahisi vishimo, au fundi akiifungua sehemu ya chini akakuta maji yamesimama kwenye trei yanayotoka kwenye mwili wenyewe wa mashine na si kwenye mpira uliolegea, basi hapo usitengeneze. Mpira, pampu na hita hubadilishwa, lakini sanduku la chuma lililotoboka halina tiba yenye maana.

Ikiwa sanduku ni zima, mtafute fundi mwenye mita na umwombe vipimo viwili huku mashine ikiwa imechomolewa. Hita ya takriban wati 2,000 kwa umeme wetu wa volti 240 huwa na ukinzani wa karibu omu 29, na kati ya hita na mwili wa mashine kusiwe na njia ya umeme hata kidogo. Vipimo vyote viwili vikitoka vizuri, hita haina kosa, na tatizo liko kwenye nyaya au kwenye bodi ya umeme, ambako swichi ndogo inayowasha hita huweza kuachia risasi ya kulehemu iliyoishikiza. Katika hali hiyo shilingi 34,000 za pampu zingekuwa zimetupwa baharini. Kipimo cha pili kikionyesha kuwa umeme unavuja, kama ninavyotarajia, basi ni hita.

Hapo ndipo hoja ya mafundi wako wawili inapoingia. Katika mashine nyingi za miaka hiyo hita imefungwa ndani ya pampu ya kuzungusha maji, na mtengenezaji huuza vyote pamoja kama kitu kimoja. Fundi wa kwanza hakukudanganya. Hata hivyo, kwa aina nyingi wako watengenezaji wa vipuri wanaouza hita peke yake pamoja na mipira yake, na kazi ya kuitenganisha, ingawa inahitaji utulivu, inawezekana. Mimi ningechagua hita peke yake ikiwa pampu haikuwa ikinguruma wala kuvuja kabla ya ugonjwa huu, na ningechagua kipuri kizima ikiwa ilikuwa na kelele ya kusaga, kwa sababu sauti hiyo ni ya beringi zilizochakaa, na kuifungua mashine mara mbili katika mwaka mmoja ni kulipa ufundi mara mbili.

Tuziweke pesa kwa miaka. Mashine nzuri inayotunzwa hudumu takriban miaka 10, kwa hiyo ile ya 92,000 itakugharimu shilingi 9,200 kwa mwaka. Ukitengeneza kwa 14,000 na mashine ikakaa miaka mitatu tu, ni chini ya shilingi 4,700 kwa mwaka, na hata ule ukarabati wa 34,000 ukikupa miaka minne unakuja kwenye 8,500. Lakini mashine mpya ikiuawa na maji ya kisima baada ya miaka mitano, kila mwaka utakuwa umekulia shilingi 18,400. Kwa sababu hiyo sikubaliani kabisa na kauli ya muuzaji kwamba iliyopita miaka mitano haitengenezwi. Yenye sanduku zima na pampu tulivu hutengenezwa, na maji yakishughulikiwa inaweza kukutumikia kwa miaka kadhaa zaidi.

Kuhusu maji, nina pendekezo ambalo nataka mume wako alisikie pia. Mashine ya ukubwa wa kwenu hutumia takriban lita 10 hadi 12 kwa mzunguko mmoja wa kawaida, yaani karibu nusu ya mtungi wa lita 20, kwa vyombo vya mlo wa watu wote wanane. Sinki lenye bomba wazi linamaliza maji hayo kabla hamjafika kwenye sufuria. Na kwa kuwa mahitaji yake ni madogo kiasi hicho, hamna haja ya kuilisha mashine kutoka kwenye tangi kubwa lililochanganyika na maji ya kisima. Wekeni tangi dogo la lita 200 lililo la mashine peke yake, mlijaze maji ya mfereji siku yanapotoka, na wakati wa masika na vuli mlijaze maji ya mvua kutoka kwenye paa, baada ya kuyaacha ya mwanzo yaoshe vumbi na kuyapitisha kwenye chujio. Tangi lililojaa litatosha mizunguko 16 au zaidi. Maji ya mvua hayana chokaa ya kutaja, na ya mfereji mtayapima ili mjue kilainisha maji kiwekwe kiwango gani.

Tangi hilo linaweza pia kuimaliza ile alama ya bomba, ambayo sidhani kama ni ugonjwa wa mashine. Mashine nyingi zinahitaji msukumo wa maji usiopungua nusu baa, na ili kuupata kwa mteremko pekee, uso wa maji ndani ya tangi lazima uwe mita tano juu ya mashine. Jioni, watu wakioga na tangi la paa likishuka, hamfikii kiwango hicho, mashine inangoja maji mpaka inachoka. Pampu ndogo ya kuongeza msukumo kwenye tangi dogo itatosha. Lakini kwanza funga bomba, fungua mpira wa kuingizia maji na usafishe kile kichujio kidogo cha wavu kilicho kwenye kiungo chake, maana mchanga wa kisima hupenda kukaa hapo na kukisafisha hakugharimu kitu.

Mashine ikishapona, tia chumvi maalumu ya mashine za kuoshea vyombo. Najua chumvi ya mawe ya Gongoni inapatikana kwa bei ndogo na inashawishi, lakini imetokana na maji ya bahari na inabeba magnesiamu, ambayo ni mojawapo ya vitu resini inapigana navyo. Chumvi ya mezani nayo imetiwa madini joto na dawa ya kuzuia kugandamana, kwa hiyo haifai. Itie chumvi pale tu unapokuwa tayari kuwasha mashine, ili iliyomwagika isuuzwe mara moja na isikae juu ya chuma. Baada ya hapo endesha mashine tupu kwa asidi ya sitriki kuondoa ukoko uliobaki, na usiichanganye kamwe na dawa ya kupaushia nguo, kwa sababu mchanganyiko huo hutoa gesi ya sumu. Sufuria zako za alumini zioshwe kwa mikono, kwani sabuni kali ya mashine huzitia weusi, na ugali au wali ulioshikamana ukwanguliwe kabla, kwa sababu wanga ukivimba ndani ya chujio huziba njia ya pampu ya kutoa maji.

Na ikiwa uchunguzi wa sanduku utaonyesha vishimo na ikabidi ununue, basi usitazame idadi ya programu wala uwezo wa kuiwasha kwa simu. Uliza kama sakafu ya ndani ni ya chuma au ya plastiki, kilainisha maji kinafika ugumu wa nyuzi ngapi, msukumo wa chini unaokubalika ni upi, na kama pampu yake ni ya aina ya inveta, ambayo haina brashi za kuchakaa na ni tulivu. Programu ya nyuzi joto 70 itakufaa kwa vyombo vya pilau, na ile ya kuhifadhi umeme ya nyuzi 50, ingawa huchukua zaidi ya saa tatu, ndiyo ya kila siku, kwa sababu hutumia muda mrefu wa kuloweka badala ya moto. Chagua aina ambayo inauzwa pia Ulaya. Tangu tarehe 1 Machi 2021 kanuni za Umoja wa Ulaya zinawalazimisha watengenezaji kuweka vipuri vya mashine zinazouzwa huko kwa miaka isiyopungua 7 kwa pampu na hita, na 10 kwa mipira ya mlango, mikono ya kunyunyizia maji na vikapu, baada ya mashine ya mwisho ya aina hiyo kuingia sokoni. Sheria hiyo haifiki Kenya, lakini vipuri vilivyopo duniani huagizwa. Mdogo wako akitaka kukununulia tena Muscat, umeme wa huko na plagi zake hautakuwa tatizo, ila aulize kwanza kama dhamana itatambuliwa hapa, kwa kuwa nyingi huishia katika nchi ya mauzo. Popote utakaponunua, iunganishe kwenye soketi ya ukutani na si kwenye waya wa kurefushia, kupitia kilinda umeme cha ampea 13 kinachosubiri dakika chache umeme unaporudi, maana kishindo cha umeme kurudi ndicho kinachounguza bodi.

Kwenye ukingo wa mlango wa mashine yako, ukiufungua, kuna kibandiko chenye namba kamili ya modeli. Mashine za Ghuba mara nyingine hutofautiana na zinazouzwa Nairobi ingawa sura ni moja, kwa hiyo kipuri kiagizwe kwa namba hiyo na si kwa jina la kampuni. Niandikie namba hiyo pamoja na vipimo viwili vya fundi, matokeo ya karatasi za maji, na ulichokiona ndani ya sanduku, nami nitakujibu kama ni hita peke yake au ni pampu nzima.

Mshauri